Triathloni ya Kwanza kwa Chakula cha Sufuria Yako: Mwongozo Kamili wa Wiki 12

Wanaokwama kwenye triathloni yao ya kwanza, mbio ya kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, mara chache huwa wavivu. Mmoja ana pumzi ya kukimbia kilomita 10, lakini akiingia majini anahema kabla ya mita 100. Mwingine anashuka kwenye baiskeli na miguu inakataa kusogea. Wa tatu amefanya mazoezi wiki nane huku akila saladi na vipande vya tango, halafu anashangaa mwili unapozimika katikati ya safari kama taa iliyoishiwa mafuta.

Wote watatu walijituma. Kilichowaponza ni kupanga mazoezi peke yake na chakula peke yake, kana kwamba mtu ana miili miwili. Humu ratiba ya mazoezi na ratiba ya jikoni zinakwenda pamoja, na nitakaa zaidi pale ambapo watu huanguka.

Mwongozo huu ni wa umbali mfupi, unaoitwa sprinti: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5. Unamfaa mtu anayeweza kuogelea mita 50 bila kushika ukingo, kuendesha baiskeli bila kuyumba, na kukimbia dakika 20 mfululizo. Kama kuogelea hujui kabisa, tafuta mwalimu kwanza, kisha urudi hapa. Wiki 12 hazitoshi kujifunza kuelea na kujiandaa kwa mbio kwa mkupuo mmoja.

## Vitu vya kuandaa

Kwa mazoezi:

- Miwani ya kuogelea. Ibandike machoni bila kuvaa mkanda. Ikijishikilia sekunde mbili tatu kabla ya kuanguka, inakukaa.
- Kofia ya kuogelea yenye rangi kali, na boya dogo la kukokota kwa siku za ziwani au baharini.
- Baiskeli yoyote yenye breki nzima na gia zinazobadilika. Usinunue mpya kwa ajili ya mbio ya kwanza. Fedha hiyo ingefaa zaidi kumlipa mwalimu wa kuogelea.
- Helmeti isiyo na ufa. Iliyowahi kugongwa kwa nguvu, itupe.
- Tyubu ya akiba, vibanduo vya tairi na pampu.
- Viatu vya kukimbia ambavyo miguu imeshavizoea.
- Nguo moja ya kubana unayoweza kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia nayo.
- Saa inayohesabu sekunde, na daftari.

Kwa jikoni: sufuria mbili kubwa, makopo sita hadi manane yenye mifuniko, mizani ndogo au kikombe cha kupimia, na chupa mbili za maji zinazokaa kwenye baiskeli. Vyakula vyenyewe ni vya kawaida: mchele, viazi, oti, ndizi, maharage au dengu, mayai, kuku au samaki, mtindi, karanga, mboga za majani, karoti, malimau, tende, sukari na chumvi. Ndiyo, sukari na chumvi. Tutazihitaji kwenye Hatua ya 7.

## Hatua ya 1: Jipime kabla ya kupanga chochote

Chagua mbio iliyo mbali kwa wiki 12 au zaidi, kisha usome kanuni zake neno kwa neno. Kuogelea ni bwawani au ziwani? Kuna muda wa mwisho wa kutoka majini? Baiskeli za milimani zinaruhusiwa? Majibu hayo yatabadilisha mazoezi yako.

Halafu jipime kwa siku tatu tofauti. Siku ya kwanza ogelea mita 200 na uandike ulisimama mara ngapi. Ya pili, endesha baiskeli dakika 40 kwa mwendo wa kawaida na uandike kilomita. Ya tatu, kimbia kilomita 3 bila kujikaza na uandike muda.

Kama una ugonjwa wa moyo, pumu, kisukari au shinikizo la damu, kama una ujauzito, au kama umekaa miaka mingi bila mazoezi, muone daktari kabla ya kuendelea. Na wakati wowote kifua kikibana au kizunguzungu kikikushika, simama hapo hapo.

Umefaulu ukiwa na namba tatu kwenye daftari. Usizionee aibu. Ni mahali pa kuanzia tu.

## Hatua ya 2: Panga wiki yako

Wiki ya kawaida huwa hivi: Jumatatu kupumzika. Jumanne kuogelea. Jumatano kukimbia. Alhamisi baiskeli. Ijumaa kuogelea tena. Jumamosi baiskeli na kukimbia papo hapo. Jumapili kukimbia taratibu, kisha jikoni. Anza na jumla ya saa 4 kwa wiki, na hata ukifika kileleni usipite sana saa 6.

Mazoezi karibu yote yawe mepesi. Kipimo ni mdomo wako: unapaswa kuweza kusema sentensi nzima bila kukatwa na pumzi. Ukijikuta unajibu kwa neno moja moja, punguza. Zoezi gumu liwe moja tu kwa wiki, na mimi huliweka Alhamisi kwenye baiskeli, kwa sababu baiskeli haipigi magoti na vifundo kama kukimbia: baada ya kupasha mwili moto, dakika 3 kwa nguvu, dakika 3 taratibu, mara nne au tano.

Kwa nini iwe hivyo? Mwendo mwepesi hujenga moyo na mishipa midogo ya damu bila kukuacha umechoka kesho yake. Mgeni wa mchezo huu hufanya kinyume. Kila siku anakwenda kwa mwendo wa kati, mgumu kiasi cha kumchosha na mlaini kiasi cha kutomwongezea kasi.

Ongeza kidogo kidogo wiki ya 1 hadi ya 3, kisha wiki ya 4 upunguze kama theluthi moja. Rudia mtindo huo: panda wiki ya 5 hadi ya 7, shuka ya 8, panda ya 9 hadi ya 11, shuka ya 12. Mwili hupata nguvu wakati wa kupumzika, na wiki nyepesi ni sehemu ya kazi. Ukikosa siku moja, iache ipite. Kubana mazoezi mawili siku moja ili "kufidia" ndiyo njia ya mkato ya kuumia.

Umefaulu ukiwa mwisho wa wiki ya 3 bado unalala vizuri, na unaisubiri Jumamosi kwa hamu.

## Hatua ya 3: Pika mara mbili kwa wiki

Hapa ndipo ratiba nyingi hufia. Unarudi kutoka kuogelea saa 2 usiku, njaa inauma, jikoni hakuna kitu, unakula biskuti na unalala. Kesho yake miguu ni mizito na unailaumu programu.

Pika Jumapili na Jumatano. Kila mara andaa vitu vitatu: sufuria ya wanga (wali au viazi vilivyochemshwa na maganda), sufuria ya protini (maharage, dengu, kuku au samaki), na mboga za kutosha siku mbili. Chemsha na mayai sita. Kwa saa moja na nusu umemaliza, na makopo yamejaa.

Onyo kuhusu wali. Mchele una bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa saa nyingi kwenye sufuria ya vuguvugu, bakteria hao huzaliana na kutoa sumu ambayo hata ukiupasha moto upya haitoki. Basi tandaza wali kwenye sinia pana upoe haraka, uweke kwenye jokofu ndani ya saa moja, na uule kesho yake. Kwa siku zinazofuata tumia viazi au upike wali mpya. Kama huna jokofu, pika wali wa mlo mmoja tu, na yaliyobaki pia yapikwe ya siku hiyo hiyo.

Sasa sahani. Siku nyepesi au ya kupumzika, nusu ya sahani iwe mboga, robo wanga, robo protini. Siku ya mazoezi magumu au marefu, pindua: nusu wanga, robo protini, robo mboga. Huna haja ya kuhesabu kila punje. Sahani inafuata daftari la mazoezi, basi.

Kwa wanaopenda namba: mtu anayefanya mazoezi ya namna hii anahitaji protini gramu 1.2 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 akilenga gramu 84, anazipata hivi: mayai mawili asubuhi (12), kikombe cha maharage yaliyoiva mchana (15), gramu 100 za kuku aliyeiva jioni (30), vikombe viwili vya maziwa au mtindi (16), na zilizobaki zinatoka kwenye oti, wali na karanga. Hakuna unga wa kopo hapo.

Maharage, dengu na mboga za majani zina madini ya chuma, ila chuma cha mimea mwili hukinyonya kwa shida. Kamulia limau juu yake, na chai uisogeze mbali na mlo kwa saa moja, kwa sababu chai huzuia chuma kunyonywa.

Neno moja la ukali kidogo. Usiunganishe triathloni ya kwanza na mpango wa kupunguza uzito haraka. Mwili unaonyimwa chakula hukudai kwingine: usingizi unapotea, mafua hayaishi, mwendo uliokuwa mwepesi unakuwa mgumu, na kwa wanawake hedhi inaweza kukatika. Ukiona dalili hizo, ongeza wanga kabla ya kuongeza mazoezi. Hedhi ikikatika, muone daktari pia.

Umefaulu ukiwa Alhamisi jioni unafungua jokofu na mlo upo, unangoja kupashwa moto tu.

## Hatua ya 4: Shinda maji kwanza

Kuogelea ndiyo sehemu fupi kuliko zote na ndiyo inayowatisha watu kuliko zote. Kuna siri moja ambayo ningeambiwa mapema ningeokoa miezi: shida ya anayeanza iko kwenye kutoa pumzi, wala si kwenye mapafu madogo.

Angalia mtu anayehangaika bwawani. Anazamisha uso, anaibana pumzi, kisha anageuza kichwa akijaribu kutoa hewa ya zamani na kuvuta mpya kwa nusu sekunde. Haiwezekani. Hewa chafu inajaa, na mwili unaisoma kama kukosa hewa, hivyo anaogopa. Dawa yake ni kupuliza mapovu muda wote uso ukiwa majini, taratibu, kama unapoza chai. Ukigeuza kichwa, kazi iliyobaki ni kuvuta tu.

Jambo la pili ni kichwa. Ukitazama mbele, makalio na miguu huzama na unakuwa unavuta nanga. Tazama chini, sakafu ya bwawa, shingo ikiwa imelegea. Geuza uso pamoja na bega, jicho moja libaki majini.

Panda hivi, kwenye bwawa la mita 25:

Wiki 1 hadi 3. Mita 25 mara nane, ukipumzika sekunde 30 kila mara. Puliza mapovu. Usitazame saa.

Wiki 4 hadi 6. Mita 50 mara nane, kisha mita 100 mara nne, pumziko sekunde 20.

Wiki 7 na 8. Mita 200 mara tatu. Kasi ileile ya mwanzo hadi mwisho.

Wiki 9 hadi 11. Mara moja kwa wiki, mita 750 bila kusimama, ambazo ni urefu wa bwawa mara 30.

Punguza mapumziko kwanza, kasi itakuja yenyewe.

### Kutoka bwawani kwenda maji ya wazi

Kama mbio yako ni ziwani au baharini, kuanzia wiki ya 7 fanya mazoezi huko mara tatu au nne. Usiende peke yako hata siku moja. Vaa kofia ya rangi kali, kokota boya, na uogelee sambamba na ufuko mahali ambapo ukisimama maji yanakufika kifuani.

Kama maji ni ya baridi, usijitose. Ingia hadi kiunoni, jimwagie usoni na shingoni, subiri dakika moja au mbili. Baridi ya ghafla hufanya mtu ahemeheme bila hiari yake, na hali hiyo hupita. Mtu akianza kuogelea kabla haijapita ndipo anapoipata hofu.

Huku hakuna mstari sakafuni. Kila unapopiga mikono sita hadi kumi, inua macho tu juu ya maji kama mamba anayevizia, tafuta boya au mti mrefu nyuma yake, kisha ugeuze uso kando uvute pumzi. Ukiinua kichwa chote miguu itazama.

Hofu ikija, na kwa wengi huja, lala chali. Tazama mbingu, pumua mara kumi, endelea kwa mtindo wa chura hadi moyo utulie. Kwenye mbio nyingi mtindo wowote unakubalika, na unaweza kushika boya au mtumbwi wa waokoaji ukapumzika mradi usijivute kwenda mbele. Ukihitaji msaada inua mkono.

Umefaulu ukiwa unatoka kwenye mita 750 na unaweza kuzungumza mara moja. Kama unatoka unatweta, bado unaibana pumzi mahali fulani.

## Hatua ya 5: Baiskeli, miguu miepesi

Rekebisha kiti kwanza. Kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuyumba. Ukirudisha sehemu pana ya mbele ya wayo kwenye pedali, goti litakuwa limepinda kidogo, na hicho ndicho kimo sahihi. Kiti kilicho chini sana huumiza goti kwa mbele.

Kisha hesabu mizunguko. Kwa sekunde 30, goti la kulia lipande mara 40 hadi 45, yaani mizunguko 80 hadi 90 kwa dakika. Ukipata 30, gia yako ni nzito mno. Gia nzito huchosha mapaja, na mapaja hayo hayo unayahitaji kwa kukimbia.

Jifunze kubadilisha tyubu ukiwa nyumbani, mara tatu, mikono ikiwa michafu na hakuna anayekungoja. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha vidole ndani ya tairi polepole utafute mwiba au kioo. Wengi huruka hapo, na pancha ya pili inakuja dakika tano baadaye. Upepo jaza kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

Jumamosi panda kutoka kilomita 12 wiki ya 1 hadi kilomita 25 wiki ya 10. Ukishamudu 25, zile 20 za mbio hazitakutisha. Zoea pia kunywa maji bila kusimama: mkono mmoja kwenye usukani, macho mbele, chupa irudi kwenye kishikio kwa kupapasa.

Mbio nyingi za watu wa kawaida zinakataza kukaa nyuma ya baiskeli ya mwenzako ili akukinge na upepo. Soma umbali unaotakiwa kwenye kanuni zako, maana adhabu yake ni kuongezewa muda au kuondolewa.

## Hatua ya 6: Kimbia huku miguu ikilalamika

Mara ya kwanza utakapotoka kwenye baiskeli moja kwa moja ukakimbia, utadhani umevaa viatu vya zege. Misuli imezoea kuzunguka kwa nusu saa na zaidi, sasa inaambiwa ibebe uzito wote na ipige chini. Hali hii haikwepeki, inazoeleka tu.

Kuanzia wiki ya 3, kila Jumamosi, egesha baiskeli, badilisha viatu na ukimbie mara moja. Dakika 8 zinatosha mwanzoni. Ongeza hadi dakika 20 wiki ya 7, na wiki ya 11 fanya kilomita 20 za baiskeli na kilomita 4 za kukimbia. Hatua ziwe fupi na za haraka. Kilomita ya kwanza iende polepole kuliko unavyotaka, maana miguu iliyotoka kwenye baiskeli hudanganya kuhusu kasi.

Nitasema kosa langu. Jumamosi moja nilikula bakuli la maharage na wali, nikangoja dakika 40, nikapanda baiskeli. Juu ya baiskeli sikuhisi kitu. Nilipoanza kukimbia, hatua ya kumi, tumbo likageuka kama mtungi uliojaa nusu. Nilikaa ukingoni mwa barabara nimekumbatia magoti, wapita njia wananiuliza kama nimeanguka. Chakula kilikuwa kizuri sana. Saa ndiyo ilikuwa mbaya.

Umefaulu ukiwa miguu inakubali mwendo wako ndani ya dakika 5 tangu kushuka.

## Hatua ya 7: Saa za kula, na chupa ya kujitengenezea

Mlo mkubwa, acha muda wa saa 3 kabla ya mazoezi. Kitu kidogo kama ndizi, acha saa 1. Maharage, dengu, kabichi na vyakula vya mafuta usivile kabla ya kukimbia. Vina kazi yao jioni.

Zoezi lisilofika saa moja halihitaji zaidi ya maji. Likipita hapo, mwili unahitaji wanga gramu 30 hadi 60 kwa kila saa, na unaweza kuutengeneza mwenyewe.

Kinywaji cha baiskeli. Maji safi lita 1, sukari vijiko vya mezani 5 vilivyosawazishwa (kama gramu 60), chumvi robo kijiko cha chai, maji ya limau moja. Koroga hadi sukari iyeyuke. Usizidishe sukari ukidhani unaongeza nguvu, kwani kinywaji kizito hukaa tumboni na kukuletea kichefuchefu.

Vidonge vya tende. Tende zisizo na kokwa gramu 200, oti gramu 100, siagi ya karanga vijiko vya mezani 3, chumvi kidogo. Ponda tende hadi ziwe uji mzito (zikiwa kavu, loweka kwenye maji moto dakika 10 kisha umwage maji), changanya vingine, finyanga vidonge 14. Kila kimoja kina wanga wa karibu gramu 15. Jokofuni vinakaa wiki nzima.

Kiasi cha maji jipimie mwenyewe. Jipime uzito kabla ya zoezi la saa moja, na tena baada ya kujifuta jasho. Kila kilo iliyopungua ni kama lita 1 iliyotoka, juu ya ulichokunywa. Kupungua kidogo ni sawa. Ukirudi na uzito uliozidi wa mwanzo, ulikunywa kupita kiasi, na hilo ni hatari halisi: maji mengi huzimua chumvi ya damu hadi mtu akachanganyikiwa na kuanguka.

Baada ya mazoezi, ndani ya saa moja au mbili, kula mlo wenye wanga na protini ya gramu 20 hivi. Wali na mayai mawili na kikombe cha mtindi unatosha. Ndiyo maana ya yale makopo.

## Hatua ya 8: Mazoezi ya eneo la mabadiliko

Eneo la mabadiliko ni pale unapoacha maji na kuchukua baiskeli, kisha unaacha baiskeli na kukimbia. Saa haisimami hapo.

Tandaza taulo dogo kando ya baiskeli. Helmeti iwe juu ya usukani, tumbo lake likitazama juu, mikanda imefunguliwa. Viatu vimelegezwa kamba. Mkanda wenye namba yako ya mbio uwe juu ya viatu.

Kanuni iliyowaponza wengi: helmeti inavaliwa na kufungwa kabla hujagusa baiskeli, na haifunguliwi hadi baiskeli irudi kwenye chuma chake cha kuegeshea. Baiskeli unaisukuma hadi mstari wa kupandia, na ukirudi unashuka kabla ya mstari wa kushukia.

Rudia uani kwako mara kumi. Toka na nywele zenye maji, vaa, sukuma, zunguka, rudi, badilisha, kimbia mita 100. Mara ya kwanza itakuchukua dakika nne, ya kumi utashangaa.

## Hatua ya 9: Wiki ya mwisho na siku yenyewe

Wiki ya 12 fanya nusu ya mazoezi ya kawaida, ukiacha vipande vifupi vya mwendo wa mbio ili mwili usisinzie. Usijaribu kitu kipya, iwe kiatu, chakula au miwani.

Siku moja kabla, punguza maharage, mboga zenye nyuzi nyingi na pilipili. Wali mweupe au viazi, samaki au kuku, karoti zilizopikwa. Kula mapema jioni na ushibe kiasi.

Kipenga kikiwa saa 1 asubuhi, amka saa 10 alfajiri ule uji wa oti na ndizi, ule ule uliozoea Jumamosi. Kahawa kunywa kama ni desturi yako.

Ukishaweka vitu vyako, tembea njia halisi kutoka majini hadi kwenye baiskeli, ukihesabu safu kutoka upande huo. Mimi mara ya kwanza nilihesabu kutoka lango la kuingilia. Nikatoka majini kwa upande mwingine, miwani ya kuogelea ikiwa kwenye paji la uso, nikawa navuta baiskeli ya mtu mwingine huku najiuliza nani ameshusha kiti changu.

Majini simama pembeni au nyuma, mbali na mateke. Kwenye baiskeli, dakika 5 za mwanzo gia nyepesi, kisha anza kunywa chupa yako kwa mafunda madogo. Chupa ya mililita 600 ya kile kinywaji inakupa wanga wa gramu 36, unaotosha kwa umbali huu. Kilomita ya mwisho ya baiskeli legeza gia, zungusha haraka. Ukianza kukimbia, hatua fupi hadi kilomita ya kwanza iishe, kisha toa ulichobakiza.

Wengi wa mara ya kwanza humaliza kati ya saa 1 na dakika 15 na saa 2. Ukivuka mstari endelea kutembea dakika 10, kunywa maji, na umalizie kwa vidonge viwili vya tende. Baiskeli ifute kabla ya kulala, hasa cheni, kama ulitoka baharini.